Tovuti ya Chama: Tujenge Wenyewe au Tumwite Fundi?

Na Karani wa Ofisi ya Kilimo

Mwezi uliopita watu watatu wa kamati ya chama cha ushirika walifika ofisini kwetu. Hawakuuliza habari za mbolea wala dawa ya kuogeshea ng'ombe. Waliuliza hivi: "Bwana karani, twataka chama chetu kiwe na tovuti, ili wanunuzi wa viazi watuone hata wakiwa Nairobi au Mombasa. Je, tujenge wenyewe, au tumwite fundi?"

Swali hili ni jema, na najua si wao peke yao wanaojiuliza. Basi leo tulifikirie pamoja.

Tovuti ni nini?

Tovuti ni kama kibao kilichosimamishwa kando ya barabara kuu, ila barabara yenyewe ni intaneti. Ina sehemu tatu. Ya kwanza ni jina, ambalo mtu huliandika katika simu yake apate kukufikia. Ya pili ni kiwanja, yaani nafasi katika kompyuta kubwa iitwayo seva, ambayo haizimwi usiku wala mchana. Ya tatu ni nyumba yenyewe, yaani kurasa zenye maneno na picha.

Majina ya Kenya huishia na .ke, na yanasimamiwa na shirika liitwalo KeNIC. Jina la biashara huishia na .co.ke, na la chama kisichotafuta faida huishia na .or.ke. Jina hulipiwa kila mwaka kwa wakala aliyeruhusiwa. Usipolipa, hupotea, na mtu mwingine aweza kulichukua.

Wewe mkulima wa skimu huna haja ya kufundishwa maana ya jambo hili. Wazee waliopata ploti katika mpango wa Ekari Milioni, ulioanza mwaka 1962, walilipa mkopo miaka mingi, na walijua tofauti ya kulima shamba na kushika hati ya shamba. Katika tovuti, jina ndilo hati. Likumbuke neno hili, maana nitalirudia.

Njia ya kwanza: kujenga wenyewe

Ziko kampuni zinazokuwezesha kujenga tovuti bila kujua kazi ya ufundi. Squarespace ilianza mwaka 2003, na Wix mwaka 2006. Unachagua mfano uliokwisha kutengenezwa, unabadili maneno, unatia picha za shamba lako, basi. Kijana aliyemaliza shule na mwenye subira aweza kufanya kazi hii kwa siku chache.

Faida yake ni kwamba hamhitaji fedha nyingi za kuanzia, na bei ya viazi ikibadilika leo, mwaweza kuiandika leo bila kumngoja mtu. Kampuni yenyewe hutunza kiwanja na kufunga milango wezi wasiingie.

Lakini yako mambo ya kuangalia. Ile nafasi ya bure mara nyingi huja na matangazo ya kampuni juu ya kurasa zako, na jina refu ambalo si lako. Ukitaka jina lako mwenyewe, sharti ulipe kila mwezi au kila mwaka, na mara nyingi hesabu ni ya dola. Tuseme wanataka dola 15 kwa mwezi. Hiyo ni dola 180 kwa mwaka, na dola 540 kwa miaka mitatu. Pigeni hesabu ya miaka, msipige ya mwezi mmoja.

Jambo jingine ni kwamba nyumba hiyo imejengwa katika shamba la mwenyewe. Tovuti iliyojengwa kwa Wix huwezi kuing'oa nzima ukaipeleka kwingine. Wachukua maneno na picha zako, kisha wajenga upya. Na mwenye shamba aweza kubadili nia. Mwaka 2009 kampuni ya Yahoo ilifunga GeoCities, mahali palipokuwa na tovuti nyingi sana za watu. Mwezi wa Machi 2024, Google ilizizima tovuti ndogo za bure ambazo wenye biashara walikuwa wamejijengea kwake. Aliyekuwa na jina lake mwenyewe aliweza kulihamisha. Asiyekuwa nalo alianza upya.

Njia ya pili: kumwita fundi

Fundi mzuri hukujengea nyumba kwa kipimo chako. Mkitaka mnunuzi alipe kwa M-Pesa papo hapo katika tovuti, au kila mwanachama aone hesabu ya maziwa yake kwa siri, hiyo ni kazi ya fundi. Safaricom wana njia iitwayo Daraja ya kuunganisha programu na M-Pesa, lakini yataka mtu aliyejifunza.

Hasara yake ni gharama kubwa ya kuanzia. Na kazi haiishi siku ya kukabidhiwa. Tovuti ni kama pampu ya maji: isipotunzwa, huharibika. Programu zake lazima zifanywe upya mara kwa mara, la sivyo wezi huingia. Ulizeni mapema ni nani atakayefanya kazi hiyo, na kwa bei gani.

Jueni pia kwamba mafundi wengi hutumia WordPress, programu iliyotolewa mwaka 2003, ambayo yenyewe ni ya bure. Mnalipia kazi ya fundi, jina, kiwanja, na pengine mapambo ya ziada. Fundi akidai fedha za kununua WordPress yenyewe, mwombeni awaonyeshe risiti.

Kosa langu mwenyewe

Miaka kadhaa iliyopita nilikisaidia chama kimoja kupata tovuti. Fundi alikuwa kijana hodari, na kazi yake ilipendeza. Siku ya kuandikisha jina aliniuliza, "Niandike jina la nani kuwa mwenyewe?" Karatasi za chama zilikuwa mbali, nami nilikuwa na haraka. Nikamwambia, "Andika lako tu, tutabadilisha baadaye."

Hatukubadilisha. Mwaka wa pili kijana alipata kazi ng'ambo, na simu yake haikupatikana tena. Barua ya kukumbusha malipo ilikwenda kwake, haikuja kwetu. Tovuti ikazimika wakati wa mavuno, viazi vikiwa vimejaa ghalani. Jina lile lilikuwa limepakwa rangi kwenye gari la chama na kuchapwa kwenye risiti. Kamati ilinunua jina jipya na kuanza tena, na wanunuzi waliozoea lile la kwanza hawakutuona. Madalali walipofika, tuliuza kwa bei waliyotaka wao.

Kijana yule hakuwa mwizi. Mimi, niliyewahi kuwafundisha watoto kusoma kabla ya kutia sahihi, ndiye niliyekosa. Nayasema haya ili wewe usikose hivyo.

Jinsi ya kuamua

Kabla ya kulipa hata shilingi moja, kamati ijibu maswali haya:

1. Twataka tovuti ifanye nini? Ikiwa ni kuonyesha mazao, mahali tulipo na nambari ya simu, jengeni wenyewe. Ikiwa ni kupokea fedha au kutunza hesabu, mwiteni fundi.
2. Ni nani kati yetu atakayeandika bei mpya kila juma? Kama hakuna, tovuti yo yote itakufa.
3. Je, twaweza kulipa mwaka wa pili na wa tatu?

Mkimwita fundi, andikeni mapatano: kazi gani, siku gani, bei gani. Mlipeni kwa sehemu, sehemu ya mwisho kazi ikiisha. Tazameni tovuti mbili alizokwisha kujenga, na mwulizeni mwenyewe wa kila moja.

Na kwa njia yo yote mtakayochagua, jina liandikishwe kwa chama, kwa barua pepe ya chama. Maneno ya siri yajulikane na watu wawili wa kamati, na yahifadhiwe pamoja na hati nyingine. Msitangaze nambari za vitambulisho wala simu za wanachama bila idhini yao. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 yakataza.

Wale watu watatu waliamua hivi: wamenunua jina kwa chama, na binti wa mwanachama mmoja anajenga kurasa nne. Mavuno mawili yakipita na maagizo yakiongezeka, watamwita fundi awatilie malipo ya M-Pesa. Jina watakuwa nalo tayari, naye atajenga juu ya shamba lao.

Nawe, ikiwa chama chako kina tovuti tayari, usingoje mkutano wa mwaka. Uliza leo: hati imeandikwa kwa jina la nani?