Umeme ukirudi, mkono uko wapi?

Ukiipita Tegeta kwa Barabara ya Bagamoyo unaingia Boko. Huko, kwenye uwanja mmoja ambao sitautaja, nilimkuta mama akichambua chupa za plastiki kwa mkono wa kushoto. Wa kulia umebaki na vidole viwili. Kisa chake ni kifupi. Umeme ulikatika, mkanda unaopeleka chupa kwenye mashine ya kufunga marobota ukasimama, naye akaingiza mkono kuchomoa kiroba kilichonasa kwenye rola. Umeme ukarudi.

Hakuna aliyewasha mashine. Swichi ilikuwa imeachwa ilivyo, na mota haina macho. Mkanda unaokwenda mita 1 kwa sekunde, mwendo wa mtu anayetembea polepole, huvuta nusu mita katika nusu sekunde. Nusu mita ni kutoka ncha za vidole hadi kukipita kiwiko, na nusu sekunde hiyo mtu bado hajapiga hata ukelele.

Dawa yake ipo Kariakoo. Inaitwa kontakta, na ikifungwa pamoja na vitufe viwili, chekundu na cha kijani, hujiachia umeme unapokatika. Umeme ukirudi mashine hukaa kimya mpaka mtu abonyeze cha kijani. Ya pili ni kufuli. Anayetaka kuugusa mkanda huzima swichi kuu, huifunga kwa kufuli lake mwenyewe, na ufunguo huutia mfukoni mwake, si mwa msimamizi. Mafundi wakiwa watatu, kufuli ni tatu. Tena kitufe chekundu kimoja mwishoni mwa mkanda mrefu hakimsaidii aliyenaswa katikati, ndiyo maana panatakiwa kamba ya dharura ipite kando ya mkanda wote. Na rola zifunikwe kwa wavu wa chuma. Ncha ya kanga ikidaka rola, mwenye kanga hufuata.

Marobota si mageni kwetu. Watu wa Tanga walifunga mkonge, ulioletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, kwa marobota ya kilo 250, zamani kabla ya chupa ya maji kuzaliwa. Lakini mashine ya haidroliki ina hila yake. Ukiizima, mafuta ndani ya mabomba huweza kubaki na mgandamizo, na lile bamba zito lililo juu likashuka lenyewe. Hata mashine ndogo hushindilia kwa nguvu ya tani kadhaa. Basi kabla ya kuingiza kichwa, mgandamizo utolewe na bamba liwekewe egemeo la chuma. Anayekata waya wa robota naye asimame ubavuni, kwa sababu waya uliovutwa ukikatika huchapa kama mjeledi.

Wanaofunga mashine mpya wasiiweke juu ya mchanga wa Boko. Iwekewe sakafu ya zege na bolti, na waya wa ardhi. Waya mbili za fezi zikibadilishana nafasi mota huzunguka kinyume, kwa hiyo ijaribiwe tupu kwanza.

Tajiri wa uwanja ule aliniambia kinga zinachelewesha kazi. Kweli, zinachelewesha dakika chache. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Namba 5 ya mwaka 2003, inamtaka asajili mahali pake pa kazi kwa Wakala wa Usalama na Afya, OSHA, na mashine ziwe na kinga. Upo pia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanza mwaka 2015, ambao mwajiri huuchangia bila kukata senti kwenye ujira wa mtu.

Nikamwuliza kama ana daftari la majina ya vibarua wake. Akaingia ofisini, akatoka na daftari nene, limeandikwa vizuri, siku kwa siku. Lilikuwa la kilo za chupa.