Mwalimu apewe nini Desemba hii?

Desemba inapokaribia, makundi ya WhatsApp ya wazazi huchangamka kuliko wakati mwingine wowote wa mwaka. Mmoja anauliza, "Jamani, mwalimu wa watoto tunamuaga na nini?" Wa pili anapendekeza kikombe chenye maandishi. Wa tatu anakumbusha kwamba kikombe alipewa mwaka jana. Wa nne anatuma picha ya saa ya ukutani na bei yake. Mpaka watu wanalala hakuna kilichoamuliwa, na siku ya kufunga shule kila mtoto anakwenda na kifurushi chake. Mwalimu anarudi nyumbani na mfuko wa vikombe, fremu za picha na manukato asiyoyachagua.

Anashukuru, bila shaka. Adabu haimruhusu kusema kwamba kabati limejaa.

Tatizo hili limechunguzwa. Mwaka 2009 watafiti Francis Flynn na Gabrielle Adams walichapisha utafiti juu ya bei ya zawadi na shukrani ya anayeipokea, wakianza na pete za uchumba. Watoaji waliamini kwamba kadiri pete ilivyokuwa ghali ndivyo ilivyothaminiwa. Kwa wapokeaji, bei haikuwa na uzito huo. Mwaka 2011 Flynn alishirikiana na Francesca Gino katika utafiti mwingine: watoaji walidhani zawadi ya kushtukiza huonyesha kujali zaidi, ilhali wapokeaji walifurahia zaidi kile walichokuwa wamekitaja wenyewe.

Kwa mzazi wa Dar es Salaam, Mombasa au Mwanza, maana yake ni nyepesi: mwalimu aulizwe. Asiulizwe na wazazi thelathini, bali na mmoja aliyetumwa na wenzake, tena kwa lugha isiyomweka pabaya. Badala ya "Mwalimu, unataka nini?", swali linaloulizika ni "Mwalimu, wazazi tuna kitu kidogo. Kati ya hivi vitatu, kipi kitakufaa?" Anayeona haya kuuliza anaweza kupitia kwa mwalimu mwenzake wa ofisi moja, ambaye kwa kawaida anajua kama mwenzake anahama nyumba, anasoma jioni au ana mtoto mchanga.

Jibu likikosekana kabisa, vitu vinavyotumika na kuisha ndivyo salama. Mchele, mafuta ya kula, sukari na unga wa ngano havihitaji nafasi kabatini, na vinafika wakati kila nyumba inajiandaa kwa sikukuu. Kujaziwa mtungi wa gesi ni zawadi ambayo wachache huifikiria, lakini itakumbukwa kila jiko likiwashwa. Vocha ya duka la vitabu au la vyakula humwachia mwalimu uchaguzi. Baada ya sikukuu kuna Januari, mwezi ambao Wakenya wameubatiza Njaanuari, na mwalimu naye ana watoto wanaohitaji sare na madaftari. Kapu linalodumu hadi wakati huo lina kazi kubwa kuliko keki itakayoliwa jioni moja.

Khanga isomwe kabla ya kununuliwa. Maandishi yake ndiyo walimu wenzake watakayoyaona kwanza, hata kabla ya rangi. Dua, pongezi na shukrani hazina shida. Khanga ya mipasho, hata ikipendeza vipi, itamfanya mwalimu ajiulize ni mzazi gani anamsema. Kitenge nacho kina gharama iliyofichika: mshono. Wanaochanga kununua kitenge wachange na pesa ya fundi, la sivyo wanampa mwalimu deni lenye maua. Mashati ya walimu wa kiume yana tatizo la saizi, kwa hiyo mwalimu apewe nafasi ya kwenda dukani kubadilisha.

Kuna vitu ambavyo vinapaswa kuandikwa katika hesabu nyingine. Rimu za karatasi, manila, gundi, kalamu za rangi na vitabu vya hadithi vinahitajika sana, na walimu wengi huvinunua kwa mishahara yao. Peter Tabichi, mtawa wa Kifransisko aliyekuwa akifundisha hisabati na fizikia katika shule ya sekondari ya Keriko huko Nakuru, alishinda tuzo ya kimataifa ya ualimu ya dola milioni moja mwaka 2019. Shule yake ilikuwa na kompyuta moja tu, na sehemu kubwa ya mshahara wake ilikuwa ikienda kwa wanafunzi na jamii. Kuchangia vifaa vya namna hiyo ni wema, lakini ni mchango wa darasa. Mwalimu aliyepewa boksi la chaki hajapewa zawadi; amepewa kazi.

Linabaki suala la bahasha. Korea Kusini husherehekea Siku ya Walimu tarehe 15 Mei, na kwa miaka mingi bahasha za wazazi zilikuwa zikipita kimyakimya. Sheria ya kupambana na rushwa iliyoanza kutumika Septemba 2016 ilibana kiasi kwamba hata ua la karnesheni kutoka kwa mwanafunzi mmojammoja likaingia katika katazo. Mwakilishi wa wanafunzi aliruhusiwa kulitoa hadharani kwa niaba ya wote. Jimbo la Massachusetts nchini Marekani lilichukua njia ya kati. Mwalimu wa shule ya umma hapokei kutoka kwa mtu mmoja zawadi inayofikia thamani ya dola 50, lakini darasa zima linaweza kumpa zawadi ya hadi dola 150 kwa mwaka, mradi asiambiwe nani katoa na kiasi gani.

Sharti hilo la mwisho lingefaa sana katika makundi yetu, ambamo orodha ya wachangiaji hurushwa kila saa na kiasi mbele ya kila jina. Mwalimu akiiona, anajua nani katoa elfu hamsini na nani hakutoa. Mzazi wa kipato kidogo anabaki akihofia kwamba mwanawe atahesabiwa. Nchini Tanzania, Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 inaiona zawadi yenye lengo la kupata upendeleo kuwa rushwa, iwe ya fedha au ya mbuzi. Kwa hiyo wakati nao una maana: zawadi itolewe matokeo yakishatoka, isitangulie mtihani.

Hesabu ya pamoja haiumizi. Wazazi 40 wakitoa shilingi 5,000 kila mmoja, zinapatikana 200,000, na asiye nazo jina lake linaingia kwenye kadi kama la wenzake. Sehemu ya fedha hizo iwafikie msaidizi wa darasa la awali, mpishi, mlinzi na dereva wa basi la shule, ambao siku ya kuagana hubaki wakipiga makofi.

Halafu kuna zawadi isiyohitaji mchango. Amit Kumar na Nicholas Epley, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2018, waliwataka watu waandike barua za shukrani, kisha wakawauliza waliozipokea. Waandishi walikuwa wamekadiria kidogo mno furaha ambayo barua zao zingeleta, na kuhofia kupita kiasi kwamba wangeleta aibu. Mwandishi Albert Camus alitunukiwa Nobeli ya Fasihi mwaka 1957. Tarehe 19 Novemba mwaka huohuo alimwandikia barua ya shukrani Louis Germain, mwalimu wake wa shule ya msingi mjini Algiers, aliyemfundisha bila malipo ili apate nafasi ya sekondari na kumshawishi bibi yake amruhusu kuendelea na masomo. Hotuba za Nobeli zilipochapishwa, Camus alizitabaruku kwa mwalimu huyo.

Barua ya mtoto wa darasa la nne haihitaji ufasaha wa Camus. Inahitaji jambo moja mahususi: siku mwalimu alipobaki naye kumwelekeza kugawanya, au alipomtetea mbele ya waliomcheka. Asiyejua kuandika achore, na mzazi aandike chini maneno ya mtoto kama alivyoyasema. Mzazi naye aongeze mistari yake, na nakala apelekewe mwalimu mkuu.

Basi wazazi wachague mtu mmoja wiki hii, wakubaliane kiwango ambacho hakuna atakayeshindwa kukitoa, wamuulize mwalimu, na orodha ya majina na viwango ifutwe kundini. Vikombe vibaki dukani.