Wataka mwanao awe mkuu wa kituo? Anza kumtayarisha mapema

KILA serikali inapotangaza siku ya kuwaandika makurutu wa polisi, viwanja vya Kwale na Msambweni hufurika vijana tangu alfajiri. Wengine hutoka Ukunda na Diani kwa matatu, wengine huja kwa miguu, bahasha ya khaki imebanwa kwapani. Ndani ya bahasha mna kitambulisho, cheti cha kuzaliwa na matokeo ya mtihani. Kando ya uwanja, chini ya miembe, husimama wazazi wakiomba dua kimoyomoyo.

Mzazi anayesimama pale haoti mwanawe akae kwenye kizuizi cha barabarani maisha yake yote. Anataka siku moja amwone na nyota begani, akiongoza wenzake, awe mkuu wa kituo ambaye wengi wetu humwita OCS. Ni ndoto njema, na mtoto wa Kwale ana haki nayo sawa na mtoto wa Nairobi au Nyeri. Katiba ya mwaka 2010 inasema wazi kwamba kikosi cha polisi ni lazima kiwe na sura ya maeneo na makabila yote ya nchi.

Lakini je, ni sifa zipi zinazomfikisha mtu huko? Familia nyingi hujitayarisha kwa siku moja tu ya mbio na kupimwa urefu. Sifa za mkubwa huanza kujengwa miaka mingi kabla ya siku hiyo, na huendelea kupimwa miaka mingi baadaye.

Ngazi yenyewe ilivyo

Askari huanza akiwa konstebo. Juu yake kuna koplo, sajini na sajini mkuu. Hawa ndio wasimamizi wa kwanza: hupanga zamu, huongoza doria na huwaonyesha kazi vijana wapya. Kisha huja inspekta na chifu inspekta, halafu safu ya masuprintendenti na makamishna, hadi juu kabisa kwa Inspekta Jenerali.

Njia za kufikia cheo cha inspekta ni mbili. Ya kwanza ni ya mguu kwa mguu: mtu aanze konstebo, ahudhurie kozi, apandishwe. Ya pili ni ya kadeti, ambapo serikali hutoa tangazo maalum na kuwachukua wenye digrii ili wafundishwe uongozi moja kwa moja. Matangazo ya kadeti hayatokei kila mwaka, na nafasi zake ni chache. Kwa hivyo kijana mwenye busara haketi nyumbani kuyasubiri.

Sifa ya kwanza: kuwa raia, tena kwa karatasi

Katika kila tangazo la kazi ya usalama, mstari wa kwanza husema mwombaji awe raia wa Kenya na awe na kitambulisho. Wengi huuruka mstari huo kwa kuona ni jambo dogo. Waulize Wamakonde wa Kwale kama ni dogo.

Wazee wao waliletwa kutoka Msumbiji enzi za ukoloni kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na ya miwa, yakiwemo yale ya Ramisi. Watoto na wajukuu wao walizaliwa hapa, wakasoma hapa na kuzika wazazi wao hapa, lakini kwa miongo mingi hawakupewa vitambulisho. Kijana wa Kimakonde angeweza kuwa na mbio za swara na alama nzuri za mtihani, na bado asingeruhusiwa hata kupanga foleni.

Mnamo Oktoba 2016 walifunga safari ya miguu kutoka Kwale kuelekea Nairobi kumwona rais. Rais Uhuru Kenyatta aliamuru waandikishwe, na kufikia mwisho wa mwaka huo wakaanza kupokea vitambulisho. Mwaka 2017 walitambuliwa rasmi kuwa kabila la 43 la Kenya. Wapemba wa Pwani nao walitambuliwa mwaka 2023.

Funzo kwa mzazi ni rahisi. Mtafutie mtoto cheti cha kuzaliwa angali mdogo. Akitimiza miaka 18, mhimize akachukue kitambulisho bila kungoja tangazo la kazi. Angalia pia kwamba majina yake yanafanana katika stakabadhi zote. Tofauti ya herufi moja baina ya cheti cha kuzaliwa na cha shule inaweza kumgharimu nafasi.

Sifa ya pili: masomo

Kwa konstebo, matangazo ya miaka ya karibuni yamekuwa yakitaka alama ya wastani ya D+ katika mtihani wa KCSE, na isiyopungua D+ katika Kiingereza au Kiswahili. Umri umekuwa kati ya miaka 18 na 28. Kwa mtoto wa Pwani ambaye Kiswahili amekinyonya pamoja na maziwa ya mama, hili la lugha halipaswi kumshinda, mradi asidharau darasa kwa kudhani lugha ya nyumbani inatosha.

Hata hivyo, D+ ni ya kuingilia mlangoni tu. Anayetaka kuongoza hana budi kusonga mbele zaidi. Mkuu wa kituo huandika ripoti, husoma sheria, husimamia fedha na vifaa, na hutoa ushahidi mbele ya mahakimu. Mwenye stashahada au digrii ya sheria, uhasibu, saikolojia au masomo ya uhalifu ana silaha ambayo haiwekwi ghalani.

Lakini msomi naye asijidanganye. Kwa miaka mingi konstebo mwenye digrii alilipwa mshahara wa kiwango cha inspekta. Mwaka 2018 mpango huo ulisitishwa, mishahara ikakatwa, na maafisa waliohusika wakaenda mahakamani kudai haki yao. Yaliyowapata ni onyo kwamba digrii na cheo ni vitu viwili tofauti. Cheo hutolewa kwa kazi iliyoonekana na kwa nafasi iliyopo.

Sifa ya tatu: mikono safi

Hapa ndipo familia nyingi huangukia. Tangazo likitoka tu, hujitokeza watu wanaojidai kuwajua wakubwa. Mzee huuza ng'ombe, mama hutoa pesa za chama, shamba la minazi likawekwa rehani, yote ili kijana anunuliwe nafasi.

Tukumbuke ya mwaka 2014. Tarehe 14 Julai makurutu 10,000 waliandikwa kote nchini. Malalamiko ya hongo yakazagaa, na Mamlaka ya kusimamia utendakazi wa polisi, IPOA, ikaenda kortini. Mwezi Oktoba mwaka huo Mahakama Kuu ikafutilia mbali zoezi lote, na mwaka 2015 Mahakama ya Rufani ikaunga mkono uamuzi huo. Waliohonga walipoteza pesa na nafasi kwa pamoja. Na waliopita kwa haki nao wakaumia kwa makosa ya wengine.

Aidha, anayenunua mlango hujifunga mapema. Mwishoni mwa mwaka 2013 Tume ya Huduma ya Polisi ilianza kuwapiga msasa maafisa, ikianza na wakubwa. Waliulizwa juu ya mali zao, akaunti zao za benki na hata pesa walizotumiwa kwa simu. Wapo walioshindwa kueleza walivyozipata, wakaondolewa kazini baada ya miaka mingi ya utumishi. Kijana anayeanza kwa deni la hongo atalilipa kwa njia gani, kama si kwa kuchukua hongo yeye mwenyewe?

Mikono safi huanza mtaani. Vijana wetu wa ufuoni Diani hukutana na vishawishi vingi: bangi, vijipesa vya haraka, marafiki wasio na kazi. Kesi moja ya bangi akiwa na miaka 19 inaweza kuonekana katika rekodi yake akiwa na 25, siku anapotaka cheti cha tabia njema. Mwambie hayo mapema, kwa upole, kabla dunia haijamwambia kwa ukali.

Kazi yenyewe ya mkubwa

Mkuu wa kituo ndiye mwenye jukumu la ghala la silaha, kitabu cha matukio, mahabusu walio ndani na askari walio nje. Katiba inataka mshukiwa afikishwe kortini kabla ya saa 24 kwisha, isipokuwa muda huo ukiangukia saa ambazo korti haifanyi kazi. Mkubwa asipofuatilia, mtoto wa mtu huozea seli.

Sheria ya polisi ya mwaka 2011 imeweka jambo ambalo kila anayeota nyota begani anafaa kulishika: kutumia nguvu kinyume cha sheria hakusameheki kwa kusema uliamriwa na mkubwa wako. Kwa hivyo msimamizi mzuri hujua amri ipi asiitoe, na ipi asiitii.

Sisi wa Pwani ya kusini tuna sababu ya kulijali hili. Usiku wa tarehe 13 Agosti 1997, wavamizi walishambulia kituo cha polisi cha Likoni, wakaua polisi na kutwaa bunduki. Wengi wao walikuwa wamekula kiapo na kufanya mazoezi katika misitu ya Kwale, ukiwemo ule wa Kaya Bombo. Katika ghasia zilizofuata zaidi ya watu 100 waliuawa na maelfu wakahama makwao. Hoteli za Diani zikabaki tupu, na vijana wengi wakakosa kazi.

Tume ya Jaji Akiwumi iliyochunguza ghasia hizo ilisikia kwamba habari za maandalizi zilikuwa zimewafikia maafisa wa usalama kabla ya siku hiyo. Habari zilikuwepo, ila waliopaswa kuzifanyia kazi hawakuzifanyia kazi ipasavyo. Kasoro hiyo haikutokana na mbio wala urefu wa mtu. Ilikuwa kasoro ya usimamizi, na wananchi ndio walioilipia.

Ndiyo maana sifa kubwa ya kiongozi wa usalama ni kusikiliza na kutenda. Mwananchi wa Lunga Lunga, Kinango au Msambweni hupeleka habari kwa anayemwamini. Mkuu wa kituo akiwa mtu wa matusi, mvuvi aliyeona jambo baharini usiku atanyamaza.

Kusoma hakuishi

Wenyeji wa Kwale tuna bahati moja ambayo wengi hatuijui. Pale Matuga, chuo cha zamani cha mafunzo ya serikali sasa ni tawi la Chuo cha Serikali cha Kenya. Watumishi wa umma husafiri mbali kuhudhuria kozi za usimamizi na uongozi za chuo hiki. Kijana wetu hupita langoni kwa matatu bila kujua kwamba ndani mnapikwa wakubwa.

Na njia ni ndefu. Kwa Inspekta Jenerali, sheria inadai digrii, tajriba ya angalau miaka 15, rekodi iliyotukuka na maadili yanayotakiwa na sura ya sita ya Katiba. Tena akishateuliwa, muda wake ni miaka minne tu, bila kurudia.

Wasichana nao wasiachwe nyuma. Vyeo vipya vilipoundwa, Grace Kaindi aliteuliwa mwishoni mwa mwaka 2012 kuwa Naibu Inspekta Jenerali wa kwanza kusimamia Polisi wa Kenya. Anayemwambia bintiye kwamba hiyo ni kazi ya wanaume amepitwa na wakati.

Wala polisi si mlango pekee. Kuna Magereza, walinzi wa wanyamapori kama wale wa Shimba Hills, kikosi cha ulinzi wa bahari kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 2018, na uchifu. Kwa mtoto wa Shimoni au Vanga anayeijua bahari na pepo zake, ujuzi huo wa nyumbani ni mtaji.

Mzazi, usingoje tangazo. Mpe mwanao karatasi zake, msimamie vitabu vyake, na mwachie jukumu dogo nyumbani uone analibeba vipi. Mtoto anayeweza kuwaongoza wadogo zake bila kuwapiga wala kuwaonea ameshaanza kozi yake ya kwanza. Samaki mkunje angali mbichi.