Kukinga Meno ya Mtoto Mdogo Yasioze: Ya Kuzingatia Dukani na Nyumbani

Husikika mara nyingi katika jamii yetu kwamba meno ya utotoni hayana haja ya kuhangaikiwa, kwa kuwa yatang'oka na mengine yataota. Kauli hiyo imewagharimu watoto wengi usingizi wao, na wazazi wengi fedha zao. Jino la kwanza huchomoza mtoto anapofikisha miezi 6 hivi, na kufikia miaka 3 huwa na meno 20 kamili. Meno ya mbele huanza kung'oka akiwa na miaka 6 hivi, lakini magego ya utotoni hubaki kinywani hadi miaka 10 au 12. Kwa hiyo, gego linalotoboka mtoto akiwa na miaka 3 bado lilikuwa na kazi ya miaka mingi mbele yake. Likiuma, mtoto hatafuni vizuri wala halali. Likilazimika kung'olewa mapema, meno ya jirani huegemea kwenye pengo, na jino la ukubwani hukosa nafasi ya kuota likiwa limenyooka.

Jambo la kutia moyo ni kwamba kuoza huku kunazuilika, na sehemu kubwa ya kinga hiyo imo katika uamuzi wa mlaji mwenyewe: anachonunua, na namna anavyokitumia.

Jino huozaje?

Juu ya meno hujengeka utando laini uitwao ukoga, ambao ni makazi ya bakteria. Kila mtoto anapokula au kunywa kitu chenye sukari, bakteria hao huila sukari hiyo na kutoa tindikali, nayo huyeyusha madini ya tabaka gumu la nje la jino. Mate huizimua tindikali hiyo taratibu na kurudisha madini yaliyopotea, lakini kazi hiyo huchukua nusu saa hivi, au zaidi. Tabaka hilo katika meno ya utotoni ni jembamba kuliko la meno ya ukubwani, ndiyo maana tundu likishaanza huchimbika upesi.

Kutokana na hayo, wingi wa sukari si jambo pekee la kuangalia. Idadi ya nyakati ambazo meno hukutana nayo ina uzito mkubwa. Mtoto anayekunywa kikombe kimoja cha juisi pamoja na chakula cha mchana hushambuliwa mara moja. Mtoto anayepewa juisi ileile kwenye chupa, akatembea nayo na kunyonya funda baada ya funda hadi jioni, meno yake hayapati nafasi ya kupona mchana kutwa. Hatari huzidi usiku, kwa sababu mate hupungua sana mtu anapolala. Chupa ya juisi, uji wenye sukari au chai ya maziwa yenye sukari haifai kuwa kitulizo cha kumlazia mtoto. Akihitaji kinywaji usiku baada ya meno kusafishwa, apewe maji. Maziwa ya mama yanabaki kuwa lishe bora kwa mtoto hadi miaka 2 na kuendelea; linalotakiwa ni kuanza kuyasafisha meno mara tu yanapochomoza.

Kusoma lebo za vyakula na vinywaji

Kwenye lebo nyingi, viambato huorodheshwa kwa kufuata uzito, kilicho kingi kikitangulia. Sukari ikiwa ya kwanza au ya pili katika orodha, hicho ni kitu kitamu kabla ya kuwa chakula. Itambueni pia katika majina yake mengine: sukrosi, glukosi, fruktosi, asali na juisi iliyokolezwa. Maneno kama "asilia" au "bila sukari ya kuongeza" hayana maana kwamba kinywaji hakina sukari, kwani juisi ya matunda ina sukari yake, nayo huozesha meno vilevile.

Hesabu yenyewe ni rahisi. Lebo ikisema kuna gramu 10 za sukari katika kila mililita 100, chupa ya soda ya mililita 350 ina gramu 35. Kijiko cha chai hubeba gramu 4 hivi. Basi chupa hiyo ina karibu vijiko tisa. Ni wazazi wachache ambao wangeweza kumtilia mtoto vijiko tisa katika kikombe kimoja cha chai.

Kati ya mlo na mlo, mtoto anaweza kupewa parachichi, ndizi, tango, yai la kuchemsha, muhogo wa kuchemsha au mtindi usiotiwa sukari. Pipi, biskuti, kashata na ubuyu wenye sukari, kama ni lazima vitolewe, vifuatane na mlo badala ya kulambwa siku nzima. Kuhusu dawa za maji za kikohozi na homa, muulizeni mfamasia kama ipo isiyo na sukari.

Kuchagua dawa ya meno

Kinachoikinga meno katika dawa ya meno ni madini ya floraidi. Shirika la Afya Duniani liliiingiza dawa ya meno yenye floraidi katika orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2021, kwa kiwango cha 1,000 hadi 1,500 ppm, yaani sehemu kwa milioni. Tafuteni tarakimu hiyo kwenye boksi au nyuma ya mrija, pamoja na tarehe ya mwisho wa matumizi na jina la mtengenezaji.

Hapa ndipo wanunuzi wengi hupotezewa fedha. Mrija wenye picha za wanyama na ladha ya matunda huweza kuuzwa kwa bei ya juu ilhali una floraidi pungufu, au hauna kabisa. Baadhi ya dawa za mitishamba na za mkaa nazo hazina. Dawa ya kawaida ya familia yenye kiwango kilichotajwa inamfaa mtoto, mradi atumie kidogo. Kabla ya kutimiza miaka 3, inatosha kiasi cha punje ya mchele. Kuanzia miaka 3 hadi 6, kiasi cha punje ya njegere. Punje ya mchele ya dawa ina uzito wa takriban gramu 0.1. Mtoto akipigishwa mswaki mara mbili kwa siku, mrija wa gramu 50 unaweza kumtosha kwa zaidi ya miezi minane.

Kupiga mswaki

Tumieni mswaki mdogo wenye nywele laini, asubuhi na usiku kabla ya kulala. Ule wa usiku ndio usiokosekana. Mtoto ateme povu bila kusukutua kwa maji mengi, ili floraidi ibaki juu ya meno. Mkono wa mtoto hauna ustadi wa kusafisha magego ya nyuma hadi afikishe miaka 7 au 8. Ashike mswaki ajifunze, kisha mtu mzima amalizie. Dawa ihifadhiwe mahali asipoweza kuifikia na kuila.

Maeneo yenye floraidi nyingi majini

Katika baadhi ya sehemu za mikoa ya Arusha, Kilimanjaro, Manyara, Singida na Shinyanga, maji yana floraidi kupita kiasi, na mtoto anayeyanywa meno yake yakiwa bado yanajengeka huweza kuota meno yenye madoa ya kahawia. Madoa hayo si kuoza, wala hayaondoki kwa kusugua. Kuchemsha maji hakupunguzi floraidi. Kinachosaidia ni kutumia maji ya mvua yaliyokingwa kwa usafi au ya chanzo kilichopimwa, na kuacha kutia magadi katika chakula cha mtoto. Mswaki wenye dawa uendelee, kwa kipimo kidogo tulichokitaja, na mtoto ateme.

Dalili za mapema

Mara moja kwa mwezi, inueni mdomo wa juu wa mtoto penye mwanga. Mstari mweupe kama chokaa karibu na ufizi ni dalili ya kwanza ya kuoza. Katika hatua hiyo jino bado linaweza kupona kwa floraidi na kwa kupunguza sukari. Likishageuka kahawia na kutoboka, hapo ni kazi ya daktari. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Uso ukivimba pamoja na homa, msingoje kesho. Mpelekeni mtoto hospitali mara moja.

Kwa muhtasari

- Pigeni mswaki mara mbili kwa siku tangu jino la kwanza, kwa dawa yenye floraidi ya 1,000 hadi 1,500 ppm.
- Vitu vitamu viende pamoja na mlo. Usiku ni maji tu baada ya mswaki.
- Someni orodha ya viambato, msiridhike na picha ya mbele.
- Mpelekeni mtoto kwa daktari wa meno kabla hajatimiza mwaka 1, hata kama haumwi.