Bima ya matibabu isikome siku ya kustaafu

Mfagiaji wa barabara, askari wa jiji au karani wa soko hustaafu akitimiza umri wa miaka 60. Siku hiyo mshahara hukoma na, kwa kawaida, bima ya matibabu aliyolipiwa na mwajiri hukoma nayo. Huu ndio umri ambapo shinikizo la damu, kisukari na maumivu ya viungo humwandama mtu.

Hadi 2013 wafanyakazi hawa waliajiriwa na mabaraza ya miji na manispaa. Leo mwajiri ni serikali ya kaunti, lakini shida ni ile ile.

Kaunti inayotaka kuwapangia wastaafu wake bima isiwatenge katika kundi lao pekee. Wazee huugua mara nyingi, kwa hivyo ada ya kundi kama hilo hupanda kila mwaka; wenye nafuu hujiondoa, wagonjwa wakabaki, na ada ikapanda tena. Afadhali wastaafu na walio kazini wawe kundi moja. Vijana watanung'unika, bila shaka.

Kosa jingine ni kutangaza mamilioni ya kulazwa hospitalini na kusahau vidonge. Mwenye shinikizo la damu halazwi kila mwezi. Anachohitaji ni dawa kila siku, kupimwa presha, na figo zake kuchunguzwa mara kwa mara. Akikosa dawa kwa kukosa pesa, huenda akapatwa na kiharusi, na hapo gharama ya kitanda hupita kwa mbali bei ya vidonge vya miaka mingi. Pesa zikiwa chache, dawa hizi zitangulie.

Pesa zenyewe zitatoka wapi? Sheria inaruhusu mfanyakazi kuweka akiba ya matibabu ya baada ya kustaafu kupitia mpango wake wa pensheni, na tangu mwisho wa Desemba 2024 mchango wa hadi Sh15,000 kwa mwezi hautozwi kodi ya mapato. Anayeweka Sh1,000 kila mwezi tangu umri wa miaka 30 atakuwa na Sh360,000 akifika 60, kabla ya faida. Akingoja hadi miaka 55 atapata Sh60,000 tu.

Bima ya kaunti ijazie pale inapoishia ile ya Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA), iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024. Aliye kazini hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara. Asiye na mshahara hukadiriwa mapato ya nyumba yake na kulipa kwa mwaka, si chini ya Sh3,600. Mstaafu asidhani kwamba makato yataendelea yenyewe. Ni lazima ajipange kulipa.

Kabla ya kukabidhi ofisi, muulize afisa wa wafanyakazi pia swali hili, ambalo wengi husahau: ukifariki kwanza, je, mkeo au mumeo ataendelea kutibiwa kwa bima hiyo, na kwa muda gani? Jibu lake liwe kwa maandishi.