Goma: Picha za setilaiti za Nyiragongo ni za bure, kazi ni kuzifikisha Mabanga

Mkaaji yeyote wa Mabanga mwenye anwani ya barua pepe anaweza leo kutafuta na kuagiza picha za setilaiti za mlima Nyiragongo bila kulipa hata franka moja. Ni picha za aina ile ile zilizowaonyesha wataalamu, mwaka 2021, kwamba magma ilikuwa imepita chini ya mji wa Goma. Kinachogharimu ni mega za kuzipakua, umeme wa kuendesha kompyuta, na zaidi ya yote muda wa kujifunza kuzisoma.

Kata za Mabanga Kaskazini na Mabanga Kusini, katika komini ya Karisimbi, zina sababu ya kujali jambo hilo. Jumamosi tarehe 22 Mei 2021 jioni, Nyiragongo ililipuka. Lava ilishuka hadi Buhene, karibu na uwanja wa ndege, ikakata barabara ya Rutshuru na kuteketeza maelfu ya nyumba. Watu 32 walihesabiwa kuwa wamekufa. Siku tano baadaye, tarehe 27 Mei, gavana wa kijeshi Constant Ndima aliamuru kata 10 kati ya 18 za mji zihame mara moja: Majengo, Mabanga Kaskazini, Mabanga Kusini, Bujovu, Virunga, Murara, Mapendo, Mikeno, Kahembe na Le Volcan.

Mamia ya maelfu ya watu walishika njia ya Sake, Minova, Rutshuru na Gisenyi, wengine kwa miguu, godoro kichwani na mtoto mgongoni. Lava ilikuwa imekwisha kusimama, na wengi hawakuelewa kwa nini wanafukuzwa na kitu wasichokiona. Kitu hicho kilikuwa chini ya miguu yao.

Setilaiti iliona nini

Setilaiti za Ulaya ziitwazo Sentinel-1 hupita kwenye urefu wa kilomita karibu 700 juu ya dunia zikipiga picha kwa rada. Rada haizuiwi na mawingu wala giza, na hilo ni muhimu Goma, ambako mlima unaweza kujificha majuma mazima ya mvua. Wataalamu huchukua picha mbili za mahali pamoja, moja ya kabla na moja ya baada, kisha kompyuta inapima kama ardhi imesogea. Matokeo yake ni ramani ya mistari ya rangi. Kila mzunguko mmoja wa rangi una maana kwamba ardhi imekaribia setilaiti au imejitenga nayo kwa sentimita 2.8 hivi.

Mei 2021, mistari hiyo ilisongamana juu ya Goma kuelekea Ziwa Kivu. Ardhi ilikuwa imepasuka na kuachana. Wakaaji nao waliona nyufa barabarani na ndani ya nyumba, huku mitetemeko ikifuatana mchana na usiku. Utafiti uliotolewa Agosti 2022 katika jarida la Nature, uliofanywa na wataalamu wa Ulaya pamoja na wa Kituo cha Uchunguzi wa Volkano cha Goma, OVG, ulieleza kwamba magma ilipenya kwa urefu wa kilomita karibu 25, kutoka mlimani, chini ya mji, hadi chini ya ziwa. Ndiyo sababu ya hofu ya wakati ule: lava ingeweza kutokea katikati ya mitaa, au chini ya maji ya ziwa lenye gesi nyingi ya kaboni na methani.

Utafiti huo una upande wa pili ambao mkaaji wa Mabanga anapaswa kuujua. Dalili za kwanza zilizonaswa na vyombo zilitangulia lava kwa dakika 40 hivi tu. Setilaiti ilieleza vizuri kilichotokea na mahali magma ilipo. Haikuonya kabla.

Kutafuta picha hatua kwa hatua

Picha za Sentinel zinapatikana kwenye ukurasa wa intaneti uitwao Copernicus Browser, wa Umoja wa Ulaya. Mtu anafungua akaunti kwa barua pepe na neno la siri, bila malipo. Kisha anaandika jina la mahali, au anachora mraba kwenye ramani kuanzia ufuo wa Goma hadi kileleni. Hapo anachagua mambo matatu: aina ya setilaiti, tarehe za kuanzia na kumalizia, na kiasi cha mawingu anachokubali.

Jambo hilo la tatu ndilo linalowakwamisha wanaoanza. Sentinel-2, inayopiga picha za rangi kama macho yanavyoona, hupita kila siku tano hivi, lakini nyingi ya picha zake za Goma ni pamba nyeupe tupu. Ukitafuta miezi ya Juni hadi Agosti, au Januari na Februari, unapata nyingi zaidi zilizo wazi. Ukitaka picha ya Aprili au Novemba, ongeza kiwango cha mawingu unachokubali, kisha kagua picha moja moja: huenda mji umefunikwa lakini mdomo wa volkano uko wazi, au kinyume chake.

Picha ikionekana, si lazima kuipakua. Inaweza kutazamwa hapo hapo, hata kwa simu, na kulinganishwa na ya tarehe nyingine. Ukichagua rangi zinazotumia mwanga usioonekana kwa macho, mahali penye joto kali ndani ya shimo la Nyiragongo au la Nyamulagira panawaka kama kaa jekundu. Kwa njia hiyo mtu anaweza kufuata jinsi ziwa la lava lilivyotoweka baada ya mlipuko wa 2021, na jinsi lava ilivyoonekana tena ndani ya shimo miezi michache baadaye.

Anayetaka kurudi nyuma zaidi anaingia EarthExplorer, ukurasa wa idara ya jiolojia ya Marekani. Humo mna picha za Landsat tangu mwaka 1972, nazo ni za bure tangu 2008. Utaratibu ni ule ule: akaunti, mahali, tarehe, mawingu. Vijana waliozaliwa baada ya mlipuko wa tarehe 17 Januari 2002 wanaweza kulinganisha Goma ya kabla na ya baada, na kuona mahali lava ilipopita kabla ya nyumba kujengwa juu yake.

Kuagiza ili kuokoa mega

Kwa picha za rada, kutazama hakutoshi. Lazima picha mbili zikokotolewe pamoja. Faili moja ya Sentinel-1 ya kazi hiyo ina gigabaiti kadhaa, na zinatakiwa mbili. Kwa mtu anayenunua mega za simu, mzigo huo haubebeki. Kompyuta ya kawaida nayo inaweza kusumbuka saa nyingi, na umeme ukikatika katikati, kazi inaanza upya.

Hapa ndipo kuagiza kunapofaa. Kituo cha Alaska Satellite Facility, kinachotunza data za NASA, kina ukurasa uitwao Vertex. Mtu anatafuta eneo la Goma, anachagua picha mbili za njia moja ya setilaiti, kisha anaagiza zikokotolewe. Kazi inafanywa na kompyuta za huko, bila malipo, kwa kiwango fulani kila mwezi. Matokeo yakiwa tayari, kinachopakuliwa ni kidogo kuliko faili za asili. Ni lazima kuyachukua ndani ya siku 14, la sivyo yanafutwa na kuagizwa tena.

Kosa la kawaida ni kuchanganya picha za setilaiti ikienda kaskazini na za setilaiti ikienda kusini. Kila moja inaangalia mlima kutoka upande wake, na haziwezi kulinganishwa. Kosa lingine ni kuchagua tarehe zilizoachana mno. Mawe ya lava ya mjini huhifadhi alama ya rada vizuri, lakini majani na msitu wa mlimani hubadilika haraka, na ramani inajaa vitone visivyo na maana. Setilaiti ya NISAR ya Marekani na India, iliyorushwa tarehe 30 Julai 2025, hutumia mawimbi marefu zaidi yanayopenya majani vizuri, na data zake hutolewa bure pia.

Kile ambacho picha haisemi

Kila usiku anga la Goma likiwaka nyekundu juu ya mlima, simu zinaanza kulia na uvumi unatembea haraka kuliko pikipiki. Mwenye kujua kutafuta picha anaweza kutuliza jirani zake, lakini anaweza pia kuwatisha bila sababu. Doa jekundu ndani ya shimo lina maana ya joto. Halisemi kwamba lava inashuka. Mistari ya rangi inaweza kuletwa na unyevu wa hewa tu. Tena Sentinel-1 moja hurudi kwenye njia ile ile baada ya siku 12, muda mrefu mno kwa mlima uliotoa ishara ya dakika 40.

Picha hizo haziioni nyumba ya mbao ya Mabanga, kwa kuwa kila nukta ya Sentinel-2 ni mita 10 kwa 10. Hazioni mazuku, ile gesi inayokaa kwenye mabonde na kuua watoto na mifugo. Mazuku hupimwa na mtu aliyefika mahali akiwa na chombo mkononi.

Kwa hiyo vyombo vya ardhini bado ndivyo vinavyosikia mlima saa kwa saa, navyo vimepita katika shida. Msaada wa Benki ya Dunia kwa OVG ulikwisha mwaka 2020, na kituo kilikaa miezi bila intaneti, hadi muda mfupi tu kabla ya mlipuko. Vita vya Rutshuru na Nyiragongo vikafanya mitambo ya mlimani iwe ngumu kufikiwa, kabla mji wenyewe kuingia mikononi mwa AFC/M23 mwishoni mwa Januari 2025. Setilaiti haisimamishwi na kizuizi cha barabarani, na hapo ndipo thamani yake inapoongezeka.

Data hizo zikifunguliwa Mabanga, iwe shuleni, parokiani au kwenye ofisi ya kata, zinahitaji kwanza mtu anayeweza kuzijadili na OVG kabla ya kuzituma kwenye makundi ya WhatsApp. OVG ndicho chenye kazi ya kutangaza hali ya volkano kwa rangi nne: kijani, manjano, chungwa na nyekundu. Mkaaji aliyezoea kutazama picha za mlima wakati wa utulivu ataelewa upesi rangi hiyo ikibadilika, na atajua kwa nini anaambiwa ahame hata kama haoni moto.