Askofu Naye Hutoa Hesabu

Askofu ni mtu wa kupokea hesabu. Mapadre humletea habari za parokia zao, makatekista habari za wanafunzi wa ubatizo, na watunza fedha vitabu vyao. Lakini askofu naye ana siku yake ya kutoa hesabu, wala barua peke yake haitoshi. Hana budi kusafiri mpaka Roma.

Safari hiyo huitwa kwa Kilatini *ad limina apostolorum*, maana yake "kwenye vizingiti vya Mitume". Asili yake ni ya kale. Mtume Paulo aliwaandikia Wagalatia kwamba alipanda kwenda Yerusalemu kuonana na Petro, akakaa naye siku 15. Mwaka 1585 Papa Sisto wa Tano aliiwekea safari hiyo amri: maaskofu wa Italia wafike kila miaka 3, na wale wa nchi za mbali sana kila miaka 10, kwani siku hizo bahari ilivukwa kwa matanga. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 imeweka miaka 5, ingawa mara nyingine muda huo hupita.

Afikapo Roma, askofu ana mambo matatu ya kutimiza. Husali penye kaburi la Mtakatifu Petro huko Vatikani, na penye kaburi la Mtakatifu Paulo nje ya kuta za mji. Huonana na Baba Mtakatifu. Tena huzitembelea ofisi za Kanisa, ambako huulizwa mambo ya jimbo lake. Taarifa yenyewe hutangulia kupelekwa, ikieleza idadi ya waamini na mapadre, hali ya seminari na shule, na matumizi ya fedha.

Kenya ilipata majimbo yake ya kwanza mwaka 1953, Nairobi ikiwa jimbo kuu, pamoja na Nyeri, Kisumu na Meru. Tangu hapo maaskofu wake wamekuwa wakiifuata njia hiyo. Walifika mwaka 2007 kwa Papa Benedikto wa Kumi na Sita, kisha Aprili 2015 kwa Papa Fransisko. Safari hiyo ya pili ilikuwa ya majonzi. Tarehe 2 Aprili watu 148, wengi wao wanafunzi, walikuwa wameuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa. Majuma mawili baadaye maaskofu walisimama mbele ya Baba Mtakatifu, naye akawaombea marehemu hao. Novemba mwaka huo huo alikuja mwenyewe Nairobi.

Hapo ndipo maana ya desturi hii huonekana. Karatasi yaweza kutaja idadi ya waliokufa, lakini haiwezi kuulizwa swali wala kufarijiwa. Mchungaji anayefika mwenyewe aweza yote mawili.

Yafaa ikumbukwe pia kwamba taarifa ya askofu haianzii mezani pake. Huanzia kijijini, katika daftari la ubatizo na kitabu cha sadaka. Karani akiongeza majina yasiyokuwapo, au akiacha ya wale waliokuwapo, askofu atauchukua uongo huo mpaka Roma pasipo kujua. Basi anayeandika kwa uaminifu katika kanisa dogo la shambani ana sehemu yake katika safari hiyo kubwa.